Tusingoje msiba ndipo tupande treni

Kwetu mtu mzima hasafiri bila sababu, na sababu zenyewe zinajulikana: msiba, harusi, mgonjwa, uhamisho wa kazi, kesi ya shamba, mtoto anayepelekwa bweni. Ndugu zetu Wachagga wana Desemba yao ya kupanda Moshi, na hiyo nayo ina wajibu ndani yake, kwani kuna wazee wa kuamkiwa, kihamba cha kukagua na mbuzi wa kuchinjwa. Ukisema unakwenda mahali kupaona tu, watu wanakutazama mara mbili. Mimi nilipowaambia wa nyumbani kwamba napanda treni kwenda Kigoma, mdogo wangu alinipigia simu usiku uleule.

"Dada, nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna aliyefariki.

"Sasa una nani huko?"

Sina mtu, nikasema. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia ningoje watoto wafunge shule ili mmoja anisindikize. Alisema kwa mapenzi, wala simlaumu. Lakini nimelifikiria swali lake muda mrefu, na leo nataka kusema ninachokiamini. Mtanzania wa kipato cha kawaida ana haki ya kusafiri ndani ya nchi yake kwa furaha yake mwenyewe, na aitumie haki hiyo angali na nguvu za kupanda ngazi za behewa.

Nimefundisha jiografia sekondari hadi nikastaafu. Miaka yote hiyo nilichora Ziwa Tanganyika ubaoni kwa chaki ya bluu, refu na jembamba upande wa magharibi wa ramani, kisha nikaandika pembeni: urefu kilometa 673, kina mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Wanafunzi wakanakili, wakafanya mtihani, wakafaulu. Wengi wao walizaliwa Temeke na Mbagala. Mashariki waliijua bahari, magharibi walikomea Kibaha. Mwalimu wao naye ziwa lile alilijua kwa kitabu. Sikuwa na ndugu Kigoma, kwa hiyo hapakuwa na msiba wa kunipeleka.

Najua jibu la haraka ni pesa. Pesa ni ngumu, hilo halina ubishi, na wapo ambao hata nauli ya daladala ya kesho hawajui itatoka wapi. Hao siwezi kuwahubiria safari. Nasema na sisi wengine, wenye mishahara midogo, pensheni, genge, duka la nguo. Sisi tunachangia harusi kuanzia kadi ya mchango hadi sare ya kitenge. Tunachangia kipaimara, hitima, kumfunda mwali, maulidi, mahafali ya mtoto wa chekechea. Fungua daftari lako la mwaka jana ujumlishe. Nami nachangia na nitaendelea kuchangia, maana kuishi na watu ni hivyo. Ila fedha hizo zinaonyesha kwamba jambo tukilipa uzito, hela yake hupatikana. Safari yangu ya Kigoma ilitoka kwenye mgao wa kikoba cha mtaani kwetu. Wenzangu walinunua magodoro na mabati. Mimi nilikata tiketi ya daraja la pili kulala, treni ya kawaida, ile ya reli ya zamani.

Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, karibu kilometa 1,250, kwa jasho la Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote nililopata kuliona njiani. Safari nzima huchukua karibu siku mbili. Ukiwa umezoea kuhesabu safari kwa saa, utaona ni mateso. Ukiamua kwamba treni ndiyo safari yenyewe, siku mbili hizo zinatosha kabisa.

Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, wanawake chumba chao na wanaume chao. Tulikuwa na mama mmoja anayerudi Kasulu na mjukuu wake, wasichana wawili wa chuo wanaoshuka Tabora, na mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa anajua stesheni zote kwa kutazama miti. Kabla hatujafika Pugu nilishapewa karanga. Kabla ya Morogoro nilishajua mtoto wa nani hajaolewa, na yule mjukuu alishalala mapajani mwangu akiwa ameshika kidole changu. Nani kati yenu amewahi kukaa saa kumi na watu asiowajua, bila televisheni, bila haraka, akasikiliza maisha yao kutoka mwanzo? Mjini hatuna nafasi hiyo tena. Hata majirani tunasalimiana kwa kupungiana mikono getini.

Asubuhi tulikuwa Dodoma, kisha Bahi kwenye mashamba ya mpunga, na mchana tukaingia Saranda. Kila aliyewahi kupita reli ya kati anaijua Saranda kwa kuku wake. Treni haijasimama vizuri, akina mama wanakuja mbio na mabeseni yamefunikwa vitambaa, kila mmoja ameshachagua dirisha lake. Aliyekuja kwangu alikuwa mwanamke mwembamba, kanga kiunoni, mtoto mgongoni. Akaliinua beseni hadi usawa wa dirisha, akafunua pembe moja tu ya kitambaa ili wengine wasiguse. Kuku wa kienyeji, wamekwisha kupikwa, ngozi imekauka vizuri na imeshika chumvi, na pembeni kuna viazi. Tulipatana bei. Nikampa noti kubwa, naye akawa anatafuta chenji kwenye pindo la kanga mara honi ikalia na treni ikaanza kusogea. Mwenzangu wa vitenge akasema hiyo hela imeshakwenda. Haikwenda. Yule mama alimwachia mwenzake beseni, akakimbia sambamba na behewa huku mtoto akirukaruka mgongoni, akanipitishia chenji dirishani noti moja moja hadi ya mwisho. Kisha akasimama, akashika magoti, akacheka.

Sijui jina lake. Kila mtu akianza kuniambia kwamba siku hizi uaminifu umekwisha nchini, ninamtaja yeye.

Baada ya Saranda reli inapanda ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo niliwaomba wenzangu radhi nikasimama dirishani hadi mwisho. Treni inapunguza mwendo, inapinda hivi, inapinda vile, na kwenye kona unaziona injini mbele yako zikivuta. Nyuma kule chini tambarare tuliyotoka inazidi kushuka na kutanda, ikawa rangi ya udongo mkavu yenye madoa ya mibuyu. Nimechora ukuta wa bonde la ufa ubaoni mara nyingi sana, mistari miwili na mishale ya kuonyesha ardhi ilivyodidimia. Siku ile nilipanda juu yake nikiwa nimekaa, nikausikia kwenye sakafu ya behewa. Ningekuwa na darasa langu mle ndani nisingehitaji kusema neno.

Reli ni ya njia moja, kwa hiyo treni hupishana stesheni. Kwenye kituo kimoja kidogo kabla ya Itigi tulingoja treni ya mizigo ipite. Watu wakashuka, wakanawa nyuso bombani, wakanunua chai ya maziwa kwa vikombe vya bati ambavyo mwenyewe anavisubiri hapo hapo. Wanaume wakaanza kubishana Simba na Yanga na mkuu wa stesheni. Wasichana wa chuo walipiga picha na watoto wa kijiji, wakawaonyesha, watoto wakataka tena na tena. Hakuna aliyeuliza saa.

Tabora tulifika usiku mkubwa. Pale mabehewa hukatwa, ya Mwanza yakaelekea kaskazini, yetu yakangoja kuelekea magharibi, na muda wote huo asali inauzwa gizani kwa tochi, imejazwa kwenye chupa za maji. Muuzaji anaigeuza chupa mbele ya mwanga ili uone inavyoteremka polepole. Wale wasichana walishuka hapo. Tukakumbatiana nao kwenye baridi ya alfajiri, watu tuliokuwa hatujuani juzi.

Kulipokucha tulikuwa Nguruka, samaki wa mto Malagarasi wamepangwa kwenye vikapu. Mabonde yale ya Malagarasi na Moyowosi ndiyo yaliyokuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, na ukiyapita asubuhi ukungu ukiwa chini na ndege wakinyanyuka unaelewa kwa nini. Kisha Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu walizichemsha kupata chumvi karne nyingi kabla Mjerumani hajaleta reli. Mama wa Kasulu alikutana pale na mtu wa kwao aliyepanda treni. Walisalimiana kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, wakaulizana habari za nyumba moja baada ya nyingine, za watu, za ng'ombe, za mvua. Salamu yao ilidumu kituo kizima na hakuna aliyeona imezidi.

Kigoma, mwisho wa reli, stesheni iko ziwani. Unashuka, unatoka nje, na maji yako pale.

Niliteremka Kibirizi asubuhi iliyofuata, nikavua viatu, nikaingia hadi magotini. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu. Niliona kucha zangu na vijiwe chini yake. Nikachota kwa viganja viwili nikanawa uso. Sitaeleza nilivyojisikia, ila nilikaa pale hadi jua likaanza kuchoma.

Wengi wakisikia Kigoma wanawaza sokwe wa Gombe, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 na akaifanya misitu ile ijulikane duniani kote. Nilikwenda kwa boti, nikawaona, na wanastaajabisha kweli. Na nieleze jambo ambalo wengi hawalijui: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi zetu kwa shilingi, kiwango cha chini sana kuliko anacholipa mgeni. Ujiji nako nilifika, kwenye mnara wa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, penye miembe inayosemwa ni uzao wa mwembe waliokutania chini yake. Bandarini nikaiona meli ya Liemba, ambayo ningependa kila mtoto wa shule aisikie habari yake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini 1927, na kwa miaka mingi imebeba abiria, dagaa na mananasi hadi Mpulungu, Zambia.

Lakini kilichonikaa rohoni kuliko vyote ni dagaa wa Kibirizi. Jioni wavuvi wanatoka na taa zao, na usiku mwanga wao unatapakaa mbali ziwani. Alfajiri wanarudi, na wanawake wanaongoja ufukweni wananunua kwa beseni, wanaanika kwenye vichanja, wanageuza kwa mikono, wanachambua. Mama mmoja mchuuzi aliniona nimesimama muda mrefu akanikaribisha nikae kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Wiki ijayo usingetukuta, mama," akaniambia. "Mwezi utakuwa mpevu."

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, wanatawanyika, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Akanieleza pia kuhusu mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa ziwa zima kwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti, ili samaki wazaliane. Alikiri ilikuwa shida kulisha watoto. Kisha akanionyesha dagaa mkononi mwake, akawagawa kwa kidole, hawa wakubwa, hawa wadogo, akasema waliporuhusiwa kurudi ziwani waliwaona wamenenepa. Nilikaa naye nikimsaidia kuchambua hadi vichanja viwili vikaisha. Mchana tukala pamoja ugali wa muhogo na mgebuka aliyekaangwa kwa mawese, mkono kwenye sinia moja. Alikataa hela yangu. Nikamwachia mjukuu wake peremende na kalamu nyekundu niliyozoea kusahihishia.

Sasa nataka kusema juu ya treni ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Ninaipenda na ninajivunia. Inakwenda hadi kilometa 160 kwa saa, na imeiweka Dodoma karibu kiasi kwamba familia inaweza kutoka Dar es Salaam Jumamosi asubuhi, ikala zabibu za Dodoma, ikarudi Jumapili. Hiyo nayo ni safari ya furaha, na ninawasihi watu waitumie hivyo wala si kwa semina na vikao tu. Ninachoomba ni kwamba treni ya zamani isionekane ni mzigo wa kutupwa kadiri reli mpya inavyosonga magharibi. Treni ya mwendo kasi haiwezi kusimama kila kijiji, wala haifai isimame. Ile ya polepole ndiyo soko la Saranda, ndiyo inayouza asali ya Tabora na samaki wa Nguruka. Kuna kaya zinazosomesha watoto kwa dirisha la behewa. Zote mbili zina kazi yake nchini.

Kuna jambo la wanawake nisiloweza kuliacha. Mwanamke wa umri wangu akisafiri peke yake huulizwa yuko wapi mwenyewe, watoto wanajua, kuna usalama gani. Niwaambie wanawake wenzangu kwamba njia nzima niliitwa mama, dada, bibi na mwalimu. Nilibebewa mzigo, nikapishwa kitanda cha chini, nikaamshwa kituo changu kilipokaribia. Uwe na akili zako kama ulivyo nazo Kariakoo, hela uigawe sehemu mbili, nyumba ya wageni uiulizie kwa mwenyeji kabla giza halijaingia. Inatosha.

Na si lazima iwe Kigoma. Panda pantoni pale Feri alasiri, simama juu upande wa bahari, vuka hadi Kigamboni, kula muhogo wa kuchoma na pilipili, rudi. Nenda Bagamoyo, mwendo wa daladala, uone magofu ya Kaole na msikiti wake wa karne ya 13. Aliye Lindi yuko jirani na Kilwa Kisiwani, iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981; aliye Dodoma yuko jirani na michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia mwaka 2006. Wageni wanavuka bahari mbili kuja kuiona. Wapo watu wanazaliwa na kuzikwa wilaya ya pili yake bila kuifikia, na mimi hilo linaniuma, kwa sababu nimewafundisha baadhi yao.

Shule nyingi zina safari moja tu, ya darasa la mwisho, na wanaokwenda ni wale ambao wazazi wamelipa. Walimu wakuu na kamati za shule wakae walitazame upya. Mtoto wa darasa la nne anayepelekwa kuona mto wa wilaya yake unakoanzia atajifunza mengi siku ile moja. Nashauri pia wenye treni na meli wafikirie tiketi ya familia wakati wa likizo, mzazi alipe, watoto wapunguziwe zaidi. Mabehewa yatajaa.

Mzazi unayesoma hapa, likizo ya Juni haiko mbali. Anza kuweka kidogo kidogo sasa kwenye kikoba chako, na usingoje mtu afariki. Chagua sehemu moja ya nchi hii ambako huna ndugu, mchukue mwanao, mkate tiketi, na yeye ndiye umkalishe dirishani.